Daftari la Diski Zilizonyamaza

Chumba cha kurekodia
4 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nimekupigia simu mara nne. Hupokei, na ukipokea unasema "ndiyo, ndiyo, niandikie," kisha unakata. Haya, nimeandika. Nadhani katika idara hii nimebaki peke yangu ninayejua stempu inabandikwa upande gani.

Nina shida ya kifundi. Unajua hapa maktaba ya wasioona tunarekodi vitabu katika chumba kidogo, na kompyuta imo humo humo, hatua mbili kutoka kwenye kipaza sauti. Diski yake, ile ya lebo ya kahawia, ina miaka saba na inasaga kama mtu anayetafuna changarawe. Msomaji akinyamaza kuvuta pumzi, wasikilizaji wanaisikia diski. Mwalimu mmoja wa shule ya wasioona ameniuliza kama siku hizi tunarekodia kwenye mashine ya unga.

Nataka diski mpya, iwe kimya na iwe ya kudumu. Wewe umetengeneza kompyuta za chuo kikuu miaka thelathini na miwili. Niambie aina ipi. Wala usinijibu haraka haraka, maana unajua kilichomo ndani ya hii ya zamani: vitabu arobaini na kimoja alivyosoma mkeo, Mama Kitabu kama tunavyomwita hapa. Tangu kiharusi cha Novemba kimnyang'anye Mama Kitabu usemi, sauti yake haipo popote duniani ila humu. Nikiipoteza sitakuwa na uso wa kuja kwenu.

Mpwa wako


Nyumbani
11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Simu za siku hizi watu husikika kama wamo ndani ya mtungi. Barua haikatiki. Tuendelee hivi.

Umeuliza swali zuri, na swali zuri halijibiwi kwa kusimama. Keti.

Ndani ya diski kuna visahani vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea, unaoelea pasipo kugusa. Kwa hiyo diski ina kelele mbili, usizichanganye. Ya kwanza ni mvumo, nao hutoka kwenye beringi inayoshika mhimili wa visahani. Ya pili ni mkwaruzo, nao ni ule mkono ukikimbia huku na huku kutafuta faili. Mvumo ukipanda mwezi hadi mwezi, beringi inakwisha. Mkwaruzo ukigeuka kuwa kugonga, tk, tk, tk, mkono umepotea njia, na hapo unanakili kwanza, maswali baadaye.

Sasa aina. Kule karakana hatukuziita kwa majina ya viwanda, maana viwanda hununuana kila kukicha. Tuliziita kwa rangi ya lebo. Kahawia ni punda: atalia njia nzima, lakini mzigo utafika. Buluu ni bwana harusi: mwaka wa kwanza hana mfano, mwaka wa pili humtambui. Kijani huzunguka polepole kuliko wenzake, haipati joto, na asiyepata joto huishi.

Si maneno ya barazani haya. Katika daftari langu nimeandika diski mia tatu na kumi na mbili, za chuo na hizi za majirani tangu nistaafu, kila moja na rangi yake, kelele yake, siku iliyoingia na siku iliyokufa. Nakutumia daftari lenyewe humu ndani. Utaona na jambo la kufurahisha: miaka minne hii hata kahawia imeacha kulia. Viwanda vimejifunza adabu.

Nunua kijani. Hiyo yako ya zamani usiitegemee tena. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Mama Kitabu anakusalimu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado.

Mjomba wako


Chumba cha kurekodia
9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Nilinunua kijani, na vitabu vyote arobaini na kimoja nimevinakili humo. Kweli haisagi. Lakini ina kilio chembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa, na mara moja moja kitu kinagonga: tk. Msomaji wetu mpya, yule mtangazaji mstaafu, alivua visikizi akaniambia, "Dada, ama kidude hiki kitoke, ama mimi nitoke." Nilimwita mhariri wa sauti asikilize, naye akakisikia.

Huenda ni woga wangu tu. Nimeizima, nimeifunga kwa sponji, nakutumia kwa gari la vifurushi. Isikilize wewe. Ile ya kahawia bado ina nakala yake, ila idara ya nukta nundu wanaitaka kwa ajili ya mashine yao, na mkuu wetu ameniambia nisiwe kuku wa kuatamia mayai ya wenzake. Sifuti kitu mpaka nipate neno lako.

Daftari limefika. Mwandiko wako unaniumiza macho, lakini nitalisoma.

Mpwa wako


Nyumbani
15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisikiliza siku tatu, alfajiri, kabla barabara haijaamka. Njia ni ile ile niliyofundisha vijana wangu wote: bisibisi ndefu, ncha juu ya kifuniko cha diski, mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Niliipa kazi ya kusoma faili kubwa kubwa bila kupumzika. Nikasikia mvumo mmoja wa chini, sawasawa, kama paka aliyeshiba. Kilio hakuna. Kugonga hakuna. Mbu wenu ni mbu wa chumba, mpulizieni dawa. Na ninyi mnaoshinda na visikizi masikioni kutwa nzima, msishangae mkisikia visivyokuwapo.

Diski ni nzima, nimeirudisha jana kwa gari la vifurushi. Wape watu wa nukta nundu mashine yao, mkuu wako asije akakununia bure.

Sasa nina ombi, lililozuka baada ya diski kuondoka. Mtaalamu wa usemi anayekuja kumtazama mkazamjomba wako anasema aliyepoteza maneno wakati mwingine huyapata kwa kufuata sauti aliyoizoea, na hakuna sauti aliyoizoea mtu kuliko yake mwenyewe. Asikilize sentensi, aifuate kwa midomo, nusu saa kila siku. Aliposikia hivyo alinishika kifundo cha mkono asiniachie. Ametuambia pia kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye rutuba, baadaye udongo hukauka. Basi ututumie kitabu kimoja tu kwa kuanzia, kile cha ufugaji wa nyuki. Alikipenda kile.

Mjomba wako


Chumba cha kurekodia
20 Aprili

Mjomba,

Diski ilifika salama. Iko kimya kabisa, kama ulivyosema.

Kitabu cha nyuki nitakituma. Kazi zimenibana kidogo, na mashine ya kunakilia ina matatizo. Naomba mnivumilie. Mwambie Mama Kitabu namkumbuka kila siku.

Mpwa wako


Nyumbani
2 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Sidai salamu, mimi si mtemi. Nimeona tu, kama mtu anavyoona kiti kimehamishwa. Kama ni yale maneno yangu ya masikio na visikizi, nisamehe. Utani wa mjomba usikuchome.

Nimetengeneza redio inayosoma sauti kutoka kadi ya kumbukumbu, imewekwa mezani karibu na dirisha. Kila siku saa nne asubuhi mkazamjomba wako ananionyesha gauni analotaka kuvaa, ananifanya nimchane nywele, kisha anakaa mbele ya redio hiyo kama anayesubiri mgeni. Saa sita namwondoa. Mtaalamu alipoona siku zinakwenda alirekodi sauti yake mwenyewe, akaileta. Mama Kitabu aliisikiliza kidogo, akageukia ukutani.

Wiki saba sasa. Kama tatizo ni mashine ya kunakilia, mimi nitakuja na diski tupu mkobani, ninakili kwa saa mbili, nirudi na basi la jioni. Sitakunywa hata chai yenu. Niambie siku.

Mjomba wako


Chumba cha kurekodia
9 Mei

Shikamoo Mjomba,

Usije. Hakuna cha kunakili.

Diski uliyoirudisha niliichomeka tarehe 21 Machi. Tarehe 22, barua yako ikiwa mezani, nilifuta ile ya kahawia, nikawapa watu wa nukta nundu, nao wakaijaza siku ile ile. Tarehe 27, saa tano asubuhi, kijani ikagonga mara sita, ikanyamaza. Nimeipeleka kwa watu wanaofungua diski zilizokufa. Wameniita nikaone: kichwa kimelala juu ya kisahani na kukikwangua hadi kimebaki na duara kama alama ya kikombe kwenye meza. Wamesema ilianza kuumwa wiki kadhaa kabla ya kufa. Wamesema yeyote aliyekuwa karibu nayo angeisikia.

Ile ya kahawia nayo wameijaribu. Ukishaandika juu ya kilichofutwa, hakuna wa kukufufulia.

Nilipokuandikia kwamba iko kimya kabisa, sikusema uongo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, Mjomba; wewe uliniletea methali ya ngoma, hii ya kwangu ungeikumbuka pia.

Wiki tatu nilidhani ulikuwa mvivu, hukuisikiliza kabisa. Kisha nikachukua daftari lako, nikakaa kutafuta kosa. Nimelisoma lote. Kurasa za mwanzo zinapendeza: "kahawia, inasaga", "buluu, inapiga mluzi", "kijani, kilio chembamba, imekufa baada ya miezi mitatu". Ndiyo, kilio chembamba kimo humo, umekiandika mara tisa kwa mkono wako, na mara zote tisa umeandika kifo chini yake. Halafu ukurasa wa hamsini na nane mluzi wa mwisho. Baada ya hapo hakuna mluzi, hakuna kilio, hakuna kugonga. Diski sitini na nne, rangi zote, viwanda vyote, neno moja: kimya. Na zinakufa vile vile kama zamani.

Viwanda vyote vijifunze adabu kwa mwezi mmoja, Mjomba? Nikakumbuka simu usizopokea. Nikakumbuka harusi ya dada yangu, ulivyocheka pale watu walipolia.

Nakuuliza, na unijibu kama mtu mzima: unasikia?

Mpwa wako


Nyumbani
23 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na siku kumi nimekaa na kalamu.

Sisikii. Sauti nene nazisikia: lori, mlango, mvumo wa diski. Nyembamba zimeondoka. Hazikuondoka siku moja, na huo ndio ujanja wake. Huwezi kuona sauti ikitoka mlangoni. Kwanza birika liliacha kupiga mluzi, nikasema kifuniko chake kimelegea. Kisha saa ya mkononi ikaacha kulia, nikaipeleka kwa fundi saa, naye akanitazama kwa adabu, akasema nzima. Siku ile nilijua. Nilitoka dukani kwake nikijua, na hiyo ni miaka mitatu iliyopita.

Kwa hiyo nisijifiche. Nilichokuandikia juu ya diski ndicho nilichokisikia, hapo sikukudanganya. Nilikudanganya kuhusu sikio lenyewe. Ulinitumia kitu kwa sababu ya sikio langu, nami nilijua halipo.

Na lililo baya zaidi kwa fundi ni hili. Kila diski hujiandikia yenyewe kumbukumbu za afya yake: mara ngapi imekosea kusoma, mara ngapi imerudia. Kuna programu ya kuzifungua, haichukui dakika moja, na haihitaji sikio. Ninayo. Sikuifungua. Niliyesifiwa kwa kuweka mpini nyuma ya sikio na kutaja ugonjwa, nikaona aibu kuiuliza mashine.

Hilo la diski nimelimaliza. Kuna jingine, ambalo hukuniuliza.

Miaka minne iliyopita nilimwona mkazamjomba wako ameanza kunong'ona. Nikamwambia, "Sema wazi, mama, unameza maneno." Akajitahidi. Akapaza sauti nyumbani kwake kama anayeuza sokoni, miaka yote ile, bila kulalamika. Nami nikichoka kukisia nilimwambia "ndiyo, ndiyo" akiwa bado hajamaliza. Sijui aliniambia mambo gani. Kiharusi kilipokuja, daktari aliniuliza kama usemi wake ulikuwa umebadilika kabla, nikajibu ndiyo, umekuwa ukififia miaka minne. Akaandika. Limo kwenye faili lake mpaka leo, na ni masikio yangu hayo, si ulimi wake.

Vitabu arobaini na kimoja, mpwa wangu, na sikusikiliza hata kimoja alipokuwa mzima. Nilisema nitasikiliza nikipata nafasi.

Sijamwambia. Bado anavaa saa nne.

Mjomba wako


Chumba cha kurekodia
6 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nilitaka kukujibu kwa hasira niliyokuwa nimeiandaa, ikaniishia njiani. Na mimi nina yangu. Kila mgeni anayeanza kazi hapa ninamwambia: kitu kikiwa na nakala moja, hesabu hunacho. Ninamwambia kwa kidole. Siku ile nilifuta kwa sababu mkuu alikuwa amesimama mlangoni na mimi nilitaka aondoke. Wewe ulinipa neno, lakini kidole kilichobonyeza ni changu. Halafu nikanyamaza wiki sita, Mama Kitabu akiwa amekaa mbele ya redio tupu, katika ile miezi uliyosema ndiyo yenye rutuba. Diski imechukua vitabu. Hizo wiki nimezichukua mimi.

Mtangazaji mstaafu ameanza kukisoma upya kitabu cha nyuki. Anasoma vizuri. Wanafunzi wanauliza yule mama yuko wapi.

Sasa sikiliza, samahani, soma. Jana mhariri wa sauti alikuja na uso wa mtu aliyevunja sahani. Kumbe kwenye kompyuta yake ya kuhariria kuna folda anayoiita Makapi. Kila msomaji akikosea, yeye hukata lile kosa ili kitabu kiwe safi, na alichokikata hukitupa humo. Hajawahi kuifuta kwa uvivu. Tumechambua. Za Mama Kitabu ni dakika kumi na tisa.

Usifurahi haraka. Hakuna humo hata aya moja nzima. Ni makosa matupu. Anakohoa. Anaruka ukurasa. Anasema "samahani, narudia", anasoma nusu ya sentensi, anasema tena "samahani, narudia". Tumehesabu "samahani" mia na kumi na nne. Mahali pamoja anamwita malkia wa nyuki "mama mkwe" na anacheka mpaka kiti kinalia. Mahali pengine anamwambia mhariri, "Zima kidogo, nimpigie mzee, nijue kama amekula. Akipokea lakini. Siku hizi hanisikii vizuri, ila usimwambie nimesema, ataona haya."

Alijua, Mjomba.

Nimeweka yote kwenye kadi, na nakala tatu mahali patatu. Naomba kitu kimoja tu: usimwekee kadi hii redioni kabla hujamweleza yaliyotokea.

Mpwa wako


Nyumbani
30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na asante. Nakueleza kwa mpangilio, maana ndivyo ninavyoweza.

Kadi ilipofika niliiweka mfukoni, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake magoti yakigusana. Nikamwambia yote: birika, saa, bisibisi, diski, daktari na lile faili lake. Nikamwambia kwamba vitabu havipo na kwamba aliyesema diski ni nzima ni mimi. Alifumba macho. Kisha akainua mkono wa kushoto, akanishika sikio, akalivuta, tena kwa nguvu, kama mwalimu amvutavyo mwanafunzi wa nyuma. Machozi yakanitoka na si kwa maumivu. Halafu akageukia ukutani, akashinda hivyo mpaka jioni, na chakula changu hakukigusa.

Kesho yake saa nne alinionyesha gauni.

Mtaalamu alikuja, akaweka kadi. Mimi sikusikia kitu ila mnong'ono wa chini, kwa hiyo nilikaa nikamtazama mkazamjomba wako. Alitabasamu mahali fulani. Nadhani ni pale kwa mama mkwe. Mahali pengine alinitazama mimi moja kwa moja, akatikisa kichwa, nami nikajua tumefika wapi.

Siku tisa hapakuwa na kitu. Midomo ilicheza, mtaalamu akatikisa kichwa. Niliona udongo umekauka, na nilijua ni akina nani waliouacha ukauke. Siku ya kumi, jana, midomo ilifunga, ikafunguka, na mtaalamu akaruka kutoka kitini kama aliyekalia sindano. Nikamwuliza, "Amesemaje? Amesemaje?" Alikuwa amesahau kwamba mimi ni wa kuandikiwa. Akachukua karatasi, akaandika neno moja kwa herufi kubwa: SAMAHANI.

Miezi minane bila neno, na alilolipata la kwanza ni hilo. Nilimwambia mtaalamu amtoe hapo, ampeleke kwenye neno lingine lolote, maji, mlango, nyuki, kwa sababu hilo si la kwake, hana analodaiwa, hilo ni langu mimi. Akaniandikia chini ya lile la kwanza: "Mzee, mwache. Ndilo lililopo kwa wingi."

Mtaalamu hatarajii makubwa. Kama tungeanza Machi, anasema, angetarajia zaidi; hakuona sababu ya kunificha, nami sioni sababu ya kukuficha wewe. Kuhusu masikio, nitakwenda kupimwa Alhamisi.

Leo asubuhi amelisema mara tano. Mimi nimekaa mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha, na kila mara nimelisoma midomoni mwake na kumrudishia. Mara ya tano alinikunjia uso, akaniwekea kidole kwenye midomo, nikanyamaza ili aseme peke yake.

Mjomba wako